Fundi Aliyeonja Bila Kutema

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu wa kijiji cha Nyanungu aliyetaka kukandika nyumba alianza kwa Rahabu. Alichimba shimo lake, akatoa konzi ya udongo, akaiweka kwenye sahani na kumpelekea. Rahabu alinawa mikono, akamega chembe ndogo kama punje ya mahindi, akaiweka kwenye ncha ya ulimi na kufumba macho. Watu wote walinyamaza. Wenye kutia chumvi husema hata kuku waliacha kuparua.

"Huu una kichanga kingi," alisema baada ya kitambo. "Mkiukandika leo, kufika Krismasi mtakuwa mnasalimiana na majirani bila kufungua mlango."

Siku nyingine alisema, "Huu ni mfinyanzi mtupu. Utapasuka kama kisigino. Changanyeni na wa kichuguu, ndoo moja kwa tatu, na mavi ya ng'ombe yawe mabichi."

Walichanganya kama alivyosema, na kuta zilisimama. Alikuwapo mmoja tu aliyebisha, kijana Athanas, aliyerudi kutoka Mwanza na kutangaza kwamba udongo hupimwa kwa mashine, si kwa mate. Alikandika bila kumwita Rahabu. Mwezi wa pili ukuta wa jikoni uliangukia sufuria ya maharage yaliyokuwa yameiva, na tangu hapo mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka sahani.

Ni ufundi uliompa Rahabu heshima kubwa, lakini ndani yake mlikuwa na siri. Kila mtu aliamini kwamba baada ya kuonja alitema. Ni jambo la kawaida. Anayeonja mchuzi huumeza kwa kuwa ni mchuzi, na anayeonja udongo huutema kwa kuwa ni udongo. Rahabu naye, kwa adabu, aligeukia pembeni, akajifunika mdomo kwa pindo la khanga na kukohoa. Watu walisikia kikohozi, wakahesabu kwamba ametema. Lakini alikuwa amekohoa tu. Udongo ulikuwa umeshakwenda zake.

Mazoea hayo yalianza akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza, Elia. Wakati ule akina mama waliotoka pande za Sirari walipitisha sokoni vijiwe laini vya udongo, vile ambavyo Wajaluo huviita odowa, na wajawazito wote walivinunua. Elia alipozaliwa, wenzake Rahabu waliacha. Yeye hakuacha. Odowa zilipokosekana, alihamia kwenye ukuta wa jiko, pale nyuma ya mtungi wa maji, mahali ambapo unyevu ulifanya udongo unukie vizuri. Alibandua kidogo asubuhi, kidogo jioni, na kila Jumamosi aliliziba shimo kwa udongo mpya.

Mama mkwe wake, Bibi Ghati, alimsifu kanisani mbele ya akina mama wote. "Mkamwana wangu hana mpinzani kwa usafi," alisema. "Wenzake wanakandika jiko mara moja kwa mwaka. Yeye anakandika kila wiki!"

Rahabu alisikia sifa hizo akainama. Watu wakaongeza kwamba ana unyenyekevu pia.

Isidhaniwe kwamba hakujaribu kuacha. Alijaribu wakati wa Kwaresima, akafika siku ya sita. Alijaribu kutafuna mahindi makavu, akaishia kuvunja jino. Alijiambia kila asubuhi kwamba jana ilikuwa ya mwisho. Kinywa chake kilikuwa kama ng'ombe aliyezoea shamba la jirani: unamfunga vizuri, unakaza kamba, unageuka, na yumo shambani. Wala hakuwa mlafi. Nyama ilipopikwa alikula finyango mbili akaridhika. Ni udongo tu. Aliona haya hata kulifikiria jambo lenyewe, seuze kulisema.

Halafu akatokea Mboje.

Mboje alikuwa Msukuma, mchimbaji mdogo wa dhahabu, mtu mwembamba mwenye kofia ya plastiki ambayo hakuivua hata akila. Alikuwa amekwisha kuchimba mashimo manne pande hizi na kupata maji mara tatu na nyoka mara moja. Aliposikia habari za ulimi wa Rahabu, alifika na kikombe cha bati kimejaa udongo mwekundu.

"Mama Elia, shikamoo. Sitaki nyumba mimi. Nataka uniambie tu humu mna nini."

"Marahaba. Mimi sijui dhahabu, baba."

"Dhahabu nitaijua mwenyewe. Wewe niambie ladha."

Rahabu akaonja. Akasema una ukali wa chuma, kama kulamba jembe. Mboje akarudi akachimba hapohapo, na kwa bahati ambayo hata yeye hajawahi kuieleza, siku ya tatu akakuta jiwe lenye chembe zinazometameta. Dhahabu yenyewe ilikuwa kiasi cha kujaza kucha ya mtoto, lakini kwa mtu aliyezoea maji na nyoka ilikuwa muujiza. Kuanzia siku hiyo alileta kikombe kila asubuhi. Mwiko wa wenzake ulikataza mwanamke kukaribia shimo, kwa hiyo shimo ndilo lililomfuata mwanamke, kikombe kwa kikombe.

"Chembe moja inatosha," Rahabu alisema siku ya kwanza.

"Kikombe chote ni chako, mama. Usionje kwa haraka."

Hakuonja kwa haraka. Jioni kikombe kilirudi kitupu, na Mboje alidhani udongo umemwagwa.

Baada ya miezi miwili, tumbo la Rahabu lilianza kuvimba. Choo kilikuwa kikimpa shida tangu zamani, ila sasa siku nne zilipita, kisha sita. Uso wake ulipauka na alipopanda mlima na ndoo alihema kama amekimbizwa. Siku zake za mwezi zilikuwa zimeanza kuruka. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Bibi Ghati alimtazama kwa jicho moja kwa siku kadhaa, jicho lingine likiwa na mtoto wa jicho. Siku moja, Rahabu akiwa anaanika mtama, bibi akamwita, akamwekea kiganja tumboni na kupiga kelele za furaha zilizowafanya mbuzi wakimbie.

"Machage amerudi!"

Machage alikuwa marehemu mume wa bibi. Alifariki miaka mitatu nyuma, na kwa desturi yao jina lake lilikuwa linasubiri mtoto wa kiume. Wakamwana wengine wa Bibi Ghati walikuwa wamezaa wasichana watupu, mmoja baada ya mwingine, mpaka bibi akaanza kuhisi mzee huko aliko amekataa kusafiri.

"Mama, sidhani kama..." Rahabu alianza.

"Wewe usidhani. Niambie, unatamani udongo?"

Swali hilo lilimkuta Rahabu kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akajibu kabla ya kufikiri. "Ndiyo, mama. Sana."

"Si unaona!" Bibi Ghati akawageukia majirani waliokuwa wameshafika. "Mwenye mimba bila udongo ni nani? Mleteeni! Msimnyime, Machage atazaliwa na hasira."

Na hapo ndipo Rahabu alipofanya kosa lake kubwa. Alijua, au walau nusu yake ilijua, kwamba tumboni hamkuwa na mtoto. Alikuwa amezaa watano. Alijua mtoto anavyocheza, na huyu hakucheza. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Elia azaliwe, alikuwa anapewa udongo mchana kweupe, kwenye bakuli, na mama mkwe wake mwenyewe ndiye aliyekwenda kuuvunja kwenye kichuguu kwa mpini wa jembe. Hakuna kujificha nyuma ya mtungi. Hakuna kukohoa. Alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, akala kama watu wanavyokula karanga, na wapita njia wakamwambia hongera.

Akaiacha nusu inayojua inyamaze.

Mumewe, Chrispin, mchunga ng'ombe mpole asiyependa maneno mengi, alianza kutembea na redio begani ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya juu. Wenzake machungani walimtania.

"Mura, kijana wetu, kumbe bado umo!"

"Nipo," alisema Chrispin.

"Dawa gani hiyo unayotumia?"

"Maziwa," alisema, akaongeza sauti ya redio.

Wiki zilipita. Mboje alileta vikombe, Bibi Ghati alileta mabakuli, na tumbo likawa gumu kama debe la mafuta lililojazwa. Siku kumi na moja zilipita bila Rahabu kupata choo. Alipopewa uji aliurudisha. Maji nayo aliyarudisha. Maumivu yalikuja kwa mawimbi, yakimkunja kama nguo inayokamuliwa.

"Uchungu umeanza mapema," alisema Bibi Ghati, akaanza kukunja shali nyeupe. "Machage naye hakuwahi kungoja mtu mezani."

Lakini Chrispin alimtazama mkewe, akaona midomo mikavu na macho yaliyozama, akazima redio. Ilikuwa mara ya kwanza tangu habari za mimba zianze. Alitoka, akarudi na gari la kukodi.

Hospitalini mjini, Bibi Ghati aliuongoza msafara moja kwa moja hadi wodi ya wazazi. Alipokelewa na Nesi Winfrida, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

"Shikamoo bibi. Mgonjwa ana mimba ya miezi mingapi?"

"Marahaba. Miezi ni yako kuhesabu. Sisi tumekuja na jina tu."

Winfrida akachukua mkojo wa Rahabu, akapima, akarudi amekunja uso. "Bibi, hapa hakuna mimba."

"Umepima nini?"

"Mkojo."

"Machage hakuwa mtu wa kujionyesha kwenye mkojo. Pima kwa kitu chenye heshima."

Wakampima kwa mashine yenye skrini. Daktari, kijana mpole aitwaye Sylvester, alipitisha kile kifaa juu ya tumbo kutoka kulia kwenda kushoto, akakirudisha, akakipitisha tena. Bibi Ghati aliisogelea skrini kwa jicho lake zima.

"Yule pale! Amelala."

"Bibi, ile ni figo."

"Na ile?"

"Bibi, hakuna mtoto. Pole sana." Daktari akamgeukia Chrispin. "Kuna kitu kimeziba utumbo mkubwa. Ni kigumu na ni kirefu. Tumepiga na picha, kinaonekana cheupe kama saruji. Inaweza kuwa uvimbe, inaweza kuwa utumbo umejisokota. Ukiendelea hivi utumbo unaweza kupasuka, na ukipasuka hatuna muda. Damu yake pia iko chini mno, kumpasua kwa damu hii ni hatari. Kwa hiyo nahitaji kujua. Mama, umekuwa ukila nini?"

Rahabu alikuwa amelazwa chali, dripu mkononi na mpira mwembamba umepitishwa puani. Alimtazama daktari, akamtazama Bibi Ghati aliyekuwa amekumbatia shali kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Ugali."

"Na nini?"

"Na mboga."

"Hakuna kingine?"

"Na ugali," alisema Rahabu.

"Mkamwana wangu ni mtu wa chakula safi," aliongeza Bibi Ghati. "Udongo kidogo tu, wa mimba."

"Udongo kidogo kiasi gani?"

"Kama mwenye mimba yeyote. Bakuli."

Daktari alikuwa anaandika, kalamu ikasimama. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa na kofia ya plastiki ikaingia, na chini yake Mboje, vumbi mpaka kwenye nyusi, kikombe cha bati mkononi.

"Hodi wenyewe. Mama Elia, pole sana, nimepata habari barabarani. Sitakusumbua." Akainama kitandani, akashusha sauti. "Onja kidogo tu. Tumefika mahali pagumu, vijana wanabishana kama waende kulia au kushoto."

"Huyu ni nani?" aliuliza Daktari Sylvester.

"Mimi ni mteja wake," alisema Mboje.

"Mteja wa nini?"

"Wa ulimi."

Chrispin akaona ni wajibu wake kueleza. Alieleza kwa maneno machache kuliko ilivyohitajika: mkewe ni fundi, anaonja udongo, anawaambia watu. "Anaonja na kutema," alimaliza. "Ni kazi yake."

"Anatema wapi?" aliuliza daktari.

Chrispin akamtazama mama yake. Bibi Ghati akamtazama Mboje. Mboje akatazama kikombe chake, na wazo lililochelewa miezi mitatu likaanza kupanda taratibu usoni mwake.

"Kwa kweli," alisema, "mimi sijawahi kumwona akitema."

"Anageukia pembeni," alisema Chrispin.

"Anageuka, ndiyo. Anakohoa. Lakini kutema..." Mboje alivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. "Mama Elia, vile vikombe vyote?"

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha mgonjwa. Akasema kwa upole lakini bila kuzunguka. "Mama, nisikilize. Kama kilichomo ni udongo, tunaweza kujaribu kuulainisha na kuutoa kwa njia ya chini, bila kisu. Kama ni kitu kingine, kesho asubuhi napasua, na nimeshasema damu yako haitoshi. Anayejua ni wewe peke yako. Sitakugombeza. Niambie."

Rahabu angeweza bado kusema kwamba alikuwa anatema nyuma ya nyumba. Wangemwamini, walikuwa wanataka kumwamini. Bibi Ghati alikuwa amesimama pale na shali yake, na ndani ya shali ile mlikuwa na jina la mume wake. Kulisema jambo lile kulikuwa sawa na kumzika Machage mara ya pili, na mbele ya wageni. Wimbi la maumivu likaja, likamkunja, likamwacha. Akaona wazi kwamba linalofuata lingeweza kuwa la mwisho, na kwamba angekufa mtu msafi anayekandika jiko kila wiki.

"Nameza," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya Elia."

"Elia ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu," alijibu Chrispin, na sauti yake ikapotelea mwishoni.

"Na ukuta wa jiko," Rahabu aliendelea, kwa kuwa mlango ukishafunguliwa mbuzi hawatoki mmojammoja. "Nyuma ya mtungi. Ndiyo maana nakandika kila Jumamosi. Mama, nisamehe. Nilijua hakuna mtoto. Nilijua nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mnanipa."

Bibi Ghati aliishusha shali kutoka kifuani.

"Mungu alimfinyanga Adamu kwa udongo," alisema hatimaye, "lakini alikuwa na kibali. Wewe Rahabu nani alikutuma umfinyange mume wangu tumboni?"

Akageuka, akatoka na shali yake.

Kazi ilianza saa nne asubuhi hiyohiyo. Nitaipita haraka, kama heshima inavyotaka, ila yatosha kusema kwamba ilihitaji ndoo, mpira, mafuta ya kulainisha, glovu nyingi na moyo wa Nesi Winfrida. Walimwingizia maji taratibu, wakangoja, wakamgeuza ubavu, wakaingiza tena. Winfrida alifanya kazi kama fundi bomba, akizungumza muda wote.

"Wewe ni wa kumi na tano mwaka huu, mama, usijione uko peke yako. Nimetoa mbegu za mapera, nimetoa mchele mbichi, nimetoa na nywele. Nyumba nzima ndiyo sijawahi. Usikaze! Pumua. Hapa naona kama ukuta wa sebuleni."

Rahabu alilia kwa maumivu, na katikati ya kilio akacheka, na kicheko kikauma zaidi. Adhuhuri ilipita. Hakuna kilichosogea. Daktari Sylvester alikuja, akabonyeza tumbo, akaangalia saa yake, akasema tujaribu mara mbili zaidi, kisha akaenda kuwaambia watu wa damu wajiandae. Chrispin alisimama nje ya pazia bila redio, akiwa hajui mikono yake aiweke wapi.

Saa tisa na robo Winfrida alinyamaza. Kisha akasema polepole, "Njoo. Njoo, baba. Njoo."

Ikaanza kutoka. Kwanza vipande vigumu kama changarawe, kisha bonge, kisha bonge jingine, jekundu la machimboni likifuatwa na jeusi la kichuguu, kwa mpangilio ambao Mboje angeutambua. Winfrida hakujizuia. Alipiga kigelegele kilichovuka pazia, kikavuka ukumbi, na wanawake wa wodi ya pili, waliodhani kuna aliyejifungua salama, wakakipokea. Wodi ya tatu ikadaka. Mlinzi wa getini akauliza ni mtoto gani, akaambiwa ni wa kiume.

Rahabu alilala, jasho limemlowanisha, tumbo limenywea. Alipofumbua macho alimwona Bibi Ghati ameketi kwenye kiti cha daktari. Hakuna aliyejua aliingia lini.

"Kimetoka?" aliuliza bibi.

"Kimetoka, mama."

"Chote?"

"Nesi anasema kesho kitatoka kilichobaki."

"Machage alikuwa hivyohivyo. Akiaga, lazima arudi kuchukua alichosahau." Bibi Ghati alinyoosha shali magotini, akaikunja, akaikunjua. "Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi nakuchukia. Nimekuchukia vizuri kabisa, kwa saa nne. Halafu nikakumbuka kile kichuguu. Nani alikivunja? Mimi. Nani alikuwa anakuletea bakuli na kukuambia maliza? Mimi na mikono yangu. Ningekuua, mwanangu, huku nakuimbia."

"Hukujua, mama."

"Sikuuliza. Nilikuwa na haraka na mzee wangu." Akamtandikia shali kifuani, ikafika mpaka mabegani. "Chukua. Unatetemeka. Machage atangoja, alinichelewesha mwenyewe vya kutosha."

Walikaa hospitali siku tisa. Daktari alimweleza Rahabu mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza. Kutamani udongo hivyo ni ugonjwa, alisema, si tabia mbaya wala kulogwa. Mara nyingi mwili unakuwa umepungukiwa madini ya chuma, na udongo ambao mtu anaukimbilia unazidi kuyapunguza, hivyo anayekula anazidi kutamani. Akauliza kwa wasiwasi kama udongo wa Mboje ulishapita kwenye zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu. Mboje akaapa ulikuwa wa shimoni moja kwa moja, na damu ikapimwa kuhakikisha. Rahabu akapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe za kurudi, za kuonana na mshauri. Akaambiwa pia kwamba utumbo wake umetanuka, kwamba ukizibwa tena hautavumilia.

"Sasa mimi nitachimba wapi?" aliuliza Mboje, aliyekuwa anakuja kila siku na machungwa badala ya kikombe.

"Onja mwenyewe," alisema Winfrida. "Ulimi si unao?"

Mboje alitoka nje, akainama kwenye bustani ya hospitali, akaweka chembe ulimini. Walimwona dirishani akikunja uso, akiruka, akitafuta bomba la maji.

"Miaka ishirini na mitatu!" alipiga kelele kutoka bombani. "Mama Elia, wewe ni mwanaume!"

Nyanungu walimpokea kwa heshima na utani, kama wanavyopokea mtu aliyerudi kutoka vitani bila risasi. Athanas alitaka kusema kitu kuhusu mashine. Mkewe akamkanyaga mguu. Sahani ziliendelea kuja, kwa kuwa nyumba haziwezi kusubiri, ila sasa Rahabu aliufinyanga udongo kwa vidole, akauviringisha kama kamba, akatazama unapokatika. Ilichukua muda mrefu zaidi, na mara ya kwanza alikosea; ukuta wa jirani mmoja, Emanueli, ukatoa ufa. Emanueli alikuja kulalamika. Bibi Ghati akamjibu, "Afadhali upasuke wako kuliko wetu," na shauri likaisha.

Si kwamba alipona kama mtu avuavyo koti. Aliteleza mara mbili, na mara zote mbili alimwambia Chrispin siku hiyohiyo, naye akaenda naye kliniki bila kuuliza, akimsubiri nje na redio kwa sauti ya chini. Ukuta wa nyuma ya mtungi ulipigwa lipu ya saruji.

Lakini mvua za kwanza nusura zimshinde nguvu. Zilianguka mchana mmoja juu ya ardhi iliyokauka miezi minne, na harufu ikapanda kutoka uani, ikaingia jikoni, ikamfikia Rahabu. Mate yakamjaa mdomoni. Alisimama mlangoni, mkono ameegemeza kwenye mwimo, na miguu yake ikawa tayari imeshatoa hatua moja.

"Mama," aliita. "Mama, uko wapi?"

Bibi Ghati alitoka chumbani akiburuta kigoda. Alimtazama mara moja, akaelewa. Akaweka kigoda katikati ya mlango, akaketi juu yake, akaujaza mlango wote.

"Kaa hapo ndani," alisema. "Nikusimulie Machage alivyokwenda kunichumbia, akakosea boma."

"Alikosea vipi?"

"Aliingia kwa jirani. Akala kuku mzima, akatoa hotuba, akakubaliwa. Mpaka wakamletea msichana." Ngurumo ikapita. Bibi Ghati alinyanyua sauti juu ya mvua. "Sasa wewe kaa, maana hapa ndipo aibu inapoanza."

Rahabu akakaa.